Kusimika seva ya Evennia Dodoma: yaliyotukwamisha na yaliyotunasua

Kwa miezi minne sasa, kikundi cha vijana ninaowafundisha kompyuta huku Nkuhungu, Dodoma, kimekuwa kikitumia Evennia, programu huria ya kuendesha mchezo wa maandishi unaochezwa na watu wengi kwa wakati mmoja. Naandika tathmini hii nikiwalenga wenzangu wenye mashine za mtumba, bando la kuhesabu na umeme unaokatika, kwa kuwa miongozo mingi niliyoisoma humdhania msomaji kuwa na intaneti ya saa zote, na akikwama humwambia apakue kila kitu upya. Hukumu yangu naitoa mapema: seva hii ni nzuri na imara, na hitilafu zake karibu zote hujieleza zenyewe kwa anayekubali kuzisoma, hata hivyo, kuisimika kwa mara ya kwanza kulituchukua siku tatu, kazi ambayo sasa tunaimaliza mchana mmoja.

Michezo ya aina hii haina picha. Mchezaji anaelezwa kwa maneno mahali alipo, anaandika anachotaka kufanya, na seva inamjibu kwa maneno, huku wengine waliomo katika chumba kilekile wakiona alichokifanya. Mchezo ulioipa aina hii yote ya michezo jina la MUD (Multi-User Dungeon) ulianza kutungwa mwaka 1978 katika Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, na Roy Trubshaw, kisha ukaendelezwa na Richard Bartle. Evennia imekuja miaka mingi baadaye. Imeandikwa kwa lugha ya Python, imejengwa juu ya Django (zana ya kurasa za wavuti na hifadhidata) na Twisted (zana ya mawasiliano ya mtandao), inatolewa bure kwa leseni ya BSD, na toleo lake la 1.0 lilitoka Novemba 2022. Sisi tulisimika toleo la 4, linalotaka Python 3.10 au ya baadaye. Niliichagua kwa sababu mbili: vijana wangu wanajifunza Python, na maandishi hayali bando. Watu watano wanaweza kucheza jioni nzima bila kufikia kiasi kinachomezwa na video moja fupi.

Vifaa vyetu ni laptopu moja ya mtumba yenye RAM ya GB 4 na mfumo wa Ubuntu 24.04, ambayo ndiyo tuliyokusudia iwe seva, na kompyuta tano za mezani zenye Windows, ambazo kila kijana alitaka aweke seva yake ya mazoezi.

Kikwazo cha kwanza kilikuwa cha Ubuntu yenyewe, wala hakikuwa cha Evennia. Niliandika amri ya kawaida ya pip, chombo cha Python cha kupakua na kusakinisha vifurushi, yaani pip install evennia, nikajibiwa kwa maneno mekundu kwamba mazingira yale yanasimamiwa na mfumo, yaani externally-managed-environment. Ubuntu za siku hizi zinakataa pip iingize vifurushi katika Python inayotumiwa na mfumo wenyewe, kwa sababu kifurushi kimoja kibaya kinaweza kuvuruga programu nyingine za mashine. Wapo wanaoshauri kulazimisha kwa kuongeza neno la kuvunja kinga hiyo. Mimi nasema usifanye hivyo. Tengeneza mazingira ya Python ya pembeni kwa amri ya python3 -m venv evenv, kisha uyawashe kwa source evenv/bin/activate. Kama Ubuntu itasema kwamba ensurepip haipo, sakinisha kwanza kifurushi cha python3-venv kwa apt, kisakinishi cha Ubuntu, ufute folda ya evenv iliyotengenezwa nusu, urudie. Hatua hii ni ndogo, lakini ina mtego unaojirudia kila asubuhi: ukifungua terminali mpya, yaani dirisha la kuandikia amri, bila kuwasha mazingira hayo, utaambiwa kwamba amri ya evennia haijulikani, nawe utadhani kazi yote ya jana imepotea. Haijapotea. Tazama mwanzo wa mstari wa terminali. Kama huoni jina la mazingira yako likiwa ndani ya mabano, hujayawasha.

Kwenye Windows mambo yalikuwa tofauti kidogo. PowerShell, dirisha la amri la Windows, ilikataa kuwasha mazingira kwa madai kwamba kuendesha skripti kumezuiwa katika mfumo ule, tukahamia Command Prompt ya zamani, nayo ikawasha bila ubishi. Lipo pia jambo ambalo mwongozo wa Evennia unalitaja kwa sentensi moja tu, nami ningelipenda liandikwe kwa herufi kubwa: kwenye Windows, baada ya kusakinisha, lazima uandike python -m evennia mara moja, ndipo amri fupi ya evennia ianze kutambulika. Tulipoteza saa mbili nzima kwa kuiruka sentensi hiyo.

Suala lililotuelemea zaidi lilikuwa bando, na hapa nitakaa kidogo. Evennia haiji peke yake. Inaandamana na Django, Twisted na vifurushi vingine kadhaa, na mtandao ukilegea katikati, pip hukata tamaa na kutoa ujumbe mrefu wa kuisha kwa muda wa kusubiri. Kuongeza --default-timeout=100 kulisaidia laptopu. Lakini kupakua vitu vilevile mara tano kwa kompyuta tano ni kuchoma fedha za vijana. Dawa yake ni amri ya pip download evennia -d vifurushi, ambayo inakusanya kila kitu katika folda moja bila kusakinisha. Folda hiyo tuliibeba kwa flashi, tukaifikisha kwenye kila mashine na kuandika pip install --no-index --find-links=vifurushi evennia, na mashine ikasakinisha bila kugusa intaneti hata kidogo. Nilikosea mara ya kwanza kwa kupakulia kwenye Ubuntu, nikapeleka Windows, nikaambiwa kwamba hakuna kifurushi kinachofaa. Vifurushi vingi ni Python tupu na vinakubali popote, lakini baadhi, kama zope.interface ambacho Twisted inakitegemea, hutolewa kwa umbo tofauti kwa kila mfumo na kila toleo la Python. Kwa hiyo pakulia kwenye kompyuta inayofanana na zile utakazozipelekea, yenye Windows ileile na Python ya toleo lilelile, na uhakikishe toleo hilo kwa python --version kabla hujatumia hata shilingi moja ya bando.

Baada ya hapo kazi ilikwenda kwa mpangilio ambao ukiufuata hauna shida: evennia --init dodoma inatengeneza folda ya mchezo, unaingia ndani yake kwa cd dodoma, evennia migrate inajenga hifadhidata, na evennia start inaiwasha seva. Hapa ndipo ninapoisifu programu hii kwa moyo wote. Kijana mmoja aliendesha evennia start akiwa nje ya folda ya mchezo, naye akaelezwa kwamba faili la mipangilio halikuonekana, linapaswa kuwa wapi, na afanye nini. Mwingine aliruka migrate, akaelekezwa kwenye hifadhidata ambayo haijajengwa. Programu nyingi za aina hii humtupia mtu mistari arobaini ya lawama na kumwachia. Hii inakuonesha kosa na njia ya kulitengeneza.

Ilipowaka kwa mara ya kwanza, iliomba jina la msimamizi mkuu, barua pepe na nywila. Kwenye kompyuta ya mwisho dirishani binti mmoja aliinua mkono.

"Mwalimu, kibodi yangu imekufa. Naandika nywila, hakuna kinachoonekana."

"Haijafa, mwanangu. Andika mpaka mwisho, kisha bonyeza Enter."

Terminali haioneshi hata nyota moja wakati wa kuandika nywila, na mtu asiyejua hilo anaweza kuchomoa kibodi na kuichomeka tena mara tatu, kama alivyokuwa amefanya yeye.

Seva ikishawaka, hutumia milango mitatu ambayo mafundi huiita poti: 4000 kwa programu za kuchezea zinazotumia telnet (njia ya zamani ya kuunganisha kwa maandishi), 4001 kwa kurasa za wavuti, na 4002 kwa mazungumzo kati ya kivinjari na seva. Telnet ya Windows imezimwa tangu kiwandani, kwa hiyo usianze kuitafuta. Fungua kivinjari, andika localhost:4001 (localhost ni mashine hiyohiyo unayoitumia), na uchezee humo humo, au uweke Mudlet, programu ya kuchezea michezo hii, ambayo ni ya bure. Mkiona ujumbe kwamba anwani tayari inatumika, maana yake kuna seva nyingine iliyoachwa ikiendelea. Kwetu ilikuwa nakala ya mazoezi ya kijana aliyefunga dirisha la terminali akiamini kwamba ameizima. Kufunga dirisha hakuizimi Evennia. Ni lazima kuandika evennia stop ndani ya folda ya mchezo ule.

Mchezaji wa kwanza anaingia katika chumba kimoja tu kinachoitwa Limbo, na ulimwengu uliobaki unaujenga mwenyewe. Tuliandika dig Soko la Majengo = kusini, kaskazini, na papo hapo soko likawepo, likiwa na njia ya kwenda na ya kurudi. Vijana walijenga Nyerere Square, kituo cha treni, mashamba ya zabibu, na njia ndefu ya kaskazini hadi Kolo kwenye michoro ya miambani ya Kondoa, ambayo UNESCO iliiingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Kisha wakataka amri nazo ziwe za Kiswahili, yaani mtu aandike tazama badala ya look, na chukua badala ya get. Evennia inaruhusu hilo bila kinyongo: unaandika darasa dogo la Python (class, yaani kipande cha msimbo) katika folda ya commands, unaliwekea neno unalotaka liiite amri hiyo, na kuliingiza katika faili la default_cmdsets.py.

Ni katika kazi hiyo tulipopata hitilafu ambayo sijaiona katika mwongozo wowote, na nadhani kila Mswahili atakayefika hapa atakutana nayo. Asubuhi moja tuliandika reload, na amri zetu zote za Kiswahili zikatoweka; zikabaki zile za Kiingereza peke yake, pamoja na taarifa kwamba kuna kosa la sintaksia, yaani la kanuni za kuandika msimbo, na kwamba maelezo yake yamehifadhiwa. Evennia ilikuwa imefanya jambo la busara: ilipoona seti yetu ya amri haisomeki, iliweka seti yake ya akiba ili mchezo usisimame. Tulifungua server/logs/server.log, tukashuka hadi mistari ya mwisho, na humo tukakuta jina la faili, namba ya mstari, na maneno unterminated string literal, yaani maneno yaliyofunguliwa bila kufungwa. Mstari wenyewe ulikuwa na maelezo ya mfugaji, na kijana aliyeuandika alitumia alama ya moja-moja (') ya kufungulia na kufungia maneno, hivi: 'Anachunga ng'ombe'. Python inaiona alama iliyomo ndani ya ng' kuwa ndiyo mwisho wa maneno, kisha inakuta ombe likiwa limesimama peke yake, na alama ya mwisho ikiwa imefungua kitu kisichofungwa. Jina la Ng'ong'ona lilileta kosa jingine kabisa, invalid syntax, kwa sababu alama zake mbili za ndani zinafanya jumla kuwa nne, zikajifunga jozi kwa jozi, na kosa likabadilika sura ingawa chanzo ni kilekile. Tangu siku hiyo tumekubaliana kwamba maneno yote ya Kiswahili yatafungwa kwa alama za mbili-mbili ("), hata yasipokuwa na ng'. Anayehariri kwa simu ajihadhari pia na kibodi inayobadilisha alama iliyonyooka kuwa iliyopinda. Ikitumika kufungulia maneno, Python itaikataa na kuitaja kwa namba yake, U+2018 au U+2019.

Sehemu nyingine inayostahili sifa ni jinsi Evennia ilivyogawanywa katika michakato miwili. Mmoja, Portal, unashika miunganisho ya wachezaji. Mwingine, Server, unaendesha mchezo wenyewe. Unapoandika reload, ni Server tu inayozimwa na kuwashwa, na wachezaji hawatupwi nje. Kwa darasa, faida yake ni kubwa mno, kwa sababu kijana anarekebisha amri yake na kuijaribu huku wenzake wakiendelea kucheza. Upande wa hasara ni kwamba kumbukumbu nazo zimegawanyika: tatizo la muunganisho linaandikwa portal.log, tatizo la msimbo wa mchezo linaandikwa server.log, na anayeanza huchungulia faili moja akaona shwari. Tumia evennia -l, ambayo inakuonesha zote mbili zikitiririka pamoja.

Hitilafu za mtandao wa ndani zilitusumbua kuliko za programu. Siku ya kwanza kompyuta za mezani hazikuiona laptopu, kumbe rauta ilikuwa imewekwa katika hali ya wageni inayozuia vifaa kuzungumza vyenyewe kwa vyenyewe. Baadaye umeme ulikatika. Laptopu ikabaki hai kwa betri, rauta ikazimika, na uliporudi rauta ikaigawia laptopu anwani nyingine. Seva ilikuwa inaendesha mchezo vizuri, lakini vijana wote walikuwa wanagonga nyumba aliyohama mwenyewe. Tuliingia katika mipangilio ya rauta na kuifungia laptopu anwani moja ya kudumu, na tatizo halijarudi. Kabla ya kuilaumu seva, andika ip a kwenye mashine yake na ulinganishe na anwani ambayo wachezaji wanaitumia.

Kisha ndugu yangu aliyeko Kondoa akataka kujiunga. Tulifungua kila mlango wa rauta bila mafanikio, hadi tulipogundua kwamba anwani ambayo rauta ilikuwa imepewa na mtandao wa simu si ile inayoonekana duniani. Wateja wengi hushirikishwa anwani moja ya nje, na anayegonga kutoka nje hawezi kufikishwa kwa mmoja wao. Hakuna marekebisho ya Evennia yatakayoliondoa hilo. Tulikodi seva ndogo ya nje yenye RAM ya GB 1, tukailipia kwa kadi ya mtandaoni ya simu, tukafungua poti zote tatu kwa ufw, ukuta wa moto wa Ubuntu. Usiusahau mlango wa 4002, maana ndio kivinjari kinachoutumia kupitishia maneno. Nawaonya pia wasimamizi wenzangu kwamba telnet haifichi kitu. Nywila inasafiri wazi, na ukurasa wa 4001 nao uko wazi mpaka utakapouwekea cheti cha HTTPS mbele yake. Vijana wangu wamekatazwa kutumia nywila za barua pepe zao humo.

Kuhamia kwenye seva hiyo ndiko kulikotupa hofu kubwa kuliko yote. Tulipeleka msimbo kwa git, programu ya kutunza na kusafirisha msimbo, tukaiwasha, ikalalamika kwamba faili la secret_settings.py halipo. Hilo lilitengenezwa kwa evennia --initmissing, amri inayorudisha baadhi ya mafaili ambayo git huagizwa isiyabebe. Tukaendesha evennia migrate, ikawaka. Tukaingia, tukakuta Limbo peke yake. Soko hakuna, Nyerere Square hakuna, Kolo hakuna. Kazi ya wiki saba haionekani, na darasa zima likanyamaza likinitazama. Nilichukua muda kukumbuka kwamba vyumba vilivyojengwa kwa dig haviishi katika msimbo, vinaishi katika hifadhidata, yaani faili la server/evennia.db3, nalo pia limo katika orodha ya yale ambayo git haiyabebi. Tuliizima seva zote mbili kwa evennia stop, kwa kuwa si vyema kunakili hifadhidata inayoandikwa, tukalipeleka faili hilo kwa scp, amri ya kunakili mafaili kati ya mashine, tukaendesha migrate, tukawasha. Sasa nakala yake inachukuliwa kila Ijumaa na kuwekwa kwenye flashi mbili, na ningependa mwongozo rasmi uliseme jambo hili katika ukurasa wa kwanza wa kuhamisha mchezo badala ya kumwacha mtu alibaini moyo ukimdunda.

Usiku huohuo ndugu yangu wa Kondoa aliingia kwa simu yake, akaandika kusini, akasoma maelezo ya Soko la Majengo hadi mwisho, kisha akaandika kwa wote waliokuwemo: "Soko nimelitambua, lakini stendi ya Nanenane iko wapi?" Vijana wanaichimba wiki hii.